Funga ya Mama Kasiva

Nisikilizeni, ndugu zangu wa Kitui na Makueni, hasa nyinyi mnaobeba Maandiko kwapani kila Jumapili na kuyarudisha kabatini bila kuyafungua. Hii ni hadithi yenu.

Boma la Kasiva liko ndani kidogo kutoka Kibwezi, mwendo wa nusu saa kwa miguu ukiiacha barabara ya Mombasa. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, ardhi ikiwa imekauka na kila mtu akitazama mawingu, Kasiva alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mbegu za ndengu na kutupa zilizotobolewa na wadudu. Kando yake binti yake Syombua alikuwa akimsomea kitabu kinene kwa sauti.

Kitabu hicho kilitoka kwenye sanduku la bati la marehemu Musyimi, mume wa Kasiva. Musyimi alikuwa mwinjilisti, na zaidi ya mbuzi wanne hakuacha mali nyingine ila vitabu: maelezo ya Maandiko, historia ya kanisa, na kitabu kimoja kinene cha desturi za Wayahudi ambacho mchwa walikuwa wameanza kukila pembeni. Syombua alikuwa na kibarua cha kutunza miche kule Kiboko, na siku za mapumziko alikuwa akivisoma kimoja baada ya kingine.

"Mwaitu, sikia hapa," alimwambia mama yake. "Ukurasa mmoja, walimu wanne, na kila mmoja ana lake. Wanabishana mpaka mwisho, na wote wameandikwa."

Kasiva alicheka. "Kama baba yako na ndugu zake siku ya kugawa shamba."

"Tofauti ni kwamba hawa hawakurushiana mawe."

Hiyo ndiyo amani niliyotaka muione kabla haijavurugwa. Aliyeivuruga alikuja na baiskeli. Alikuwa Mzee Kitonga, mzee wa kanisa lao, mtu wa kukohoa mara mbili kabla ya kusema jambo.

"Mama Syombua, nimetumwa kila boma. Pasta Gedion ametoka semina, amefunuliwa siri ya Wayahudi. Wana siku moja kwa mwaka ya upatanisho, hawali wala hawanywi maji. Na sisi tunaanza leo jua likitua, mpaka kesho jua litue. Mtoto, mzee, mgonjwa, wote. Atakayekula ndiye atakayetuzuilia mvua."

"Mzee," Syombua alisema, "mama anajidunga sindano ya sukari kila asubuhi. Lazima ale, la sivyo sukari itamshuka mno."

"Huyo ndiye Mungu anamtafuta hasa."

"Kitabu cha baba kina sura nzima kuhusu siku hiyo. Keti dakika kumi tuisome."

Mzee Kitonga alikitazama kile kitabu kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kwenye gunia. "Roho hasomi kitabu, msichana wangu. Roho hufundisha moja kwa moja." Akapanda baiskeli, akaenda boma la pili.

Syombua aliisoma sura ile peke yake, mara mbili. Kisha akamweleza mama yake alichokuta. Wayahudi, wenye siku yao, wanaoifunga tangu enzi za mababu, huwakataza wagonjwa walio hatarini wasifunge. Si ruhusa tu, ni amri. Kwao, kuokoa uhai kunatangulia funga hiyo, na kunatangulia sabato yenyewe. Mgonjwa akisema nahitaji kula, hulishwa, hata kama walio karibu naye wanaona anaweza kuvumilia.

Kasiva aliendelea kuchambua ndengu. "Hao Wayahudi wako kwao, mwanangu. Mimi niko hapa. Mvua ikikosa, unajua ni jina la nani litatajwa kisimani?"

Jueni basi, wasomaji wangu, kwamba mama huyu hakuwa mjinga. Alikuwa akiwaogopa majirani, na hofu hiyo mnaijua.

Asubuhi ya Jumapili Syombua alimpikia uji, akamsihi aunywe, akatoka na punda kuchota maji. Kasiva akabaki peke yake na amri mbili. Daktari alikuwa amesema, usiruke sindano hata siku moja. Pasta alikuwa amesema, usile. Kasiva aliamua kuwatii wote wawili. Alijidunga sindano, akawamwagia kuku uji, akafunga kitambaa cheupe kichwani akaenda kanisani.

Syombua aliporudi alikuta kuku wakigombania uji uliokauka kwenye vumbi. Alielewa papo hapo. Aliacha mitungi juu ya punda, akaingia ndani kuchukua kile kitabu, akakimbia.

Alisikia kelele kabla ya kufika. Kasiva alikuwa mbele, chini ya jukwaa, jasho likimtiririka, mikono ikitetemeka, midomo ikitoa maneno yasiyo Kikamba wala Kiswahili. Waumini walikuwa wamemzunguka wakipiga makofi. Pasta Gedion, kijana mwenye sauti nzuri na shati lililolowa, alikuwa akilia kwa furaha kwenye maikrofoni. "Mwacheni! Msimguse! Roho amemshukia mama yetu!"

Syombua alipenya katikati yao akapiga magoti. "Mwaitu, ni mimi. Unanijua?"

Kasiva alimtazama, akatabasamu. "Musyimi," alisema. "Umefunga mbuzi?"

Musyimi alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita.

"Hii ni sukari imeshuka!" Syombua alipiga kelele. "Nani ana kitu kitamu? Soda, asali, chochote!"

Mzee Kitonga alinyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. "Wewe msichana, usimvunjie mama yako funga yake! Na umeingia mbele ya madhabahu na matope ya kisimani miguuni!"

"Nipishe, mzee."

"Sipishi."

Basi Syombua alimsukuma. Mzee Kitonga alirudi nyuma, akakalia ngoma kubwa ya kwaya, nayo ikalia bum! Makofi yakakatika. Hapo akasimama Waithera, mwanamke wa duka la barabarani, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri. Alifungua mkoba wake kwa aibu, akatoa chupa ya juisi, nusu yake imeshanywewa.

"Nimekuwa nikimpa mjukuu wangu nyuma ya choo tangu asubuhi," alisema. "Ana miaka mitatu, jamani! Chukua, chukua haraka."

Syombua alimwinua mama yake, akahakikisha anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Ilichukua muda, nao ulikuwa muda mrefu kuliko ibada yoyote. Hatimaye macho ya Kasiva yalitulia. Aliwatazama watu wote wale, akavuta kitambaa chake vizuri.

"Mbona mnanitazama hivyo? Ndengu zimeisha kuchambuliwa?"

Waithera alicheka na kulia pamoja. Mtu akatumwa kuita pikipiki ya kumpeleka kliniki. Wakiingoja, Syombua alichukua maikrofoni mkononi mwa pasta, naye pasta akaiachia. Alifungua kitabu cha baba yake, akawasomea sura ile yote, polepole, kisha akakifunga.

"Mmewaiga Wayahudi bila kuwauliza Wayahudi," aliwaambia. "Hata siku yao mmeihamisha mkaileta Jumapili ili iwafae. Mmechukua njaa, mkaacha huruma. Na Bwana Yesu mnayemwita alizaliwa na kulelewa katika watu hao. Siku ya sabato aliponya wagonjwa, akawajibu waliomlaumu kwa hoja ambazo watu wake walizijua. Mimi nilidhani walimu wa Kiyahudi ni wale wabaya wa maigizo ya Pasaka tu. Nimewasoma. Ni watu waliokesha wakijiuliza mgonjwa atalishwaje. Laiti mmoja wenu angejiuliza hivyo jana."

Pikipiki ilipofika, akampandisha mama yake.

Kasiva alipona. Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha, ikawalowesha waliofunga na waliokula kwa kipimo kimoja. Lakini wazee wa kanisa walikaa kikao. Wakaandika barua kwamba Syombua aombe msamaha mbele ya ushirika kwa kumsukuma mzee, kunyakua maikrofoni na kuvuruga ibada. Asipoomba, yeye na mama yake wasishiriki meza ya Bwana.

Pasta Gedion hakutia sahihi. Alikuja mwenyewe kwa miguu, bila maikrofoni, akasimama mbele ya kigoda cha Kasiva. "Mama, nilisikia kitu nusu nikakihubiri kizima. Nusura nikuue. Nisamehe."

"Keti unywe chai," Kasiva alimwambia. "Umekonda."

Alipomaliza chai aliomba aazime kile kitabu. Syombua alikataa. Alimwambia atakisoma hapo hapo uani, kila Alhamisi, mbele ya mashahidi. Sasa wanasoma watu saba, Waithera akiwa mmoja wao, na kila anayekuja hupewa uteo wa ndengu ili mikono isikae bure.

Funzo

Anayependa dini aisome. Asome Maandiko yote, sio mstari mmoja uliokatwa kama ncha ya muwa. Asome na vitabu vya waliotutangulia, Wakristo na Wayahudi, ajue kila desturi ilitoka wapi na ililinda nini. Desturi ya watu wengine ukiichukua bila kuisoma, utachukua ukali wake na kuacha moyo wake, na atakayelipa ni mgonjwa, mjane au mtoto. Mhubiri anayekuzuia kufungua kitabu ana sababu yake, na sababu hiyo haitoki mbinguni. Wazazi, vitoeni vitabu kwenye masanduku kabla mchwa hawajavimaliza.

Barua ya wazee haijafutwa mpaka leo. Juzi siku ya soko Mzee Kitonga alimkuta Syombua akinunua chumvi. Akakohoa mara mbili.

"Msichana wangu, tuyamalize. Neno moja tu. Sema 'nisameheni', mama yako arudi mezani."

"Mzee, sura ile ile ina ukurasa ambao hukuusikia, kwa sababu ulikuwa ukijipangusa vumbi la ngoma," Syombua alisema. "Inasema siku ya upatanisho haimfutii mtu kosa alilomkosea jirani yake, mpaka kwanza aende kwa jirani huyo amtake radhi. Pasta amekuja. Njia ya kwetu unaijua, uliipita kwa baiskeli."

"Kwa hiyo huombi?"

"Siombi. Leo siombi, na hata mwakani siombi. Mama yangu yuko hai."

Akachukua chumvi yake, akaenda.