Vidonge Viwili Ndani ya Chai

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alikaa jikoni akimsomea mama yake maswali ya urubani, huku mama akipiga pasi shati la sare. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na maswali ya mama aliyashika kuliko masomo yake mwenyewe.

Siku hiyo hapakuwa na mzaha. Mama alikuwa na leseni ya urubani kwa miaka mitatu. Alikusanya saa za kuruka kwa kusafirisha vifurushi katika ndege ndogo, hadi shirika moja likamchukua kwa majaribio. Leo angerusha abiria, mkaguzi akiwa nyuma yake. Akifaulu, atakuwa rubani msaidizi kamili. Nafasi ilikuwa moja, na rubani mwenzake mmoja alikuwa akiisubiri pia.

Balaa ni kwamba mama alikuwa akipiga chafya. Mafua yalikwisha, na jana daktari alimpima masikio akamruhusu kuruka, ila chafya mbili tatu zilibaki. Chiriku alimsihi ameze dawa. Mama akakataa katakata, akasema hamezi kitu bila idhini ya daktari wa marubani. Chiriku akaona huo ni ukaidi tu. Mkaguzi gani atampa kazi mtu anayepiga chafya ovyo? Mama alipoingia kuoga, akaponda vidonge viwili vya mafua vya bibi yake, akavikoroga ndani ya chai na kuzidisha sukari.

Mama aliinywa yote, akamsifu kwa chai nzuri.

Chiriku alipokuwa akirudisha pakiti kabatini, ndipo akaona maandishi madogo: dawa hii huleta usingizi, usiendeshe gari wala mitambo. Nje, gari la shirika lilikwisha piga honi. Akajiambia labda vidonge viwili si kitu. Tena akisema, kazi ya mama imekwenda na maji, na aliyeiharibu ni yeye. Mama alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Mama, usiende. Nimekutilia dawa kwenye chai."

Mama akachukua pakiti, akaisoma, akaketi. Kisha akapiga simu kazini. "Nimekunywa dawa ya kuleta usingizi. Leo siruki." Hakumtaja mtoto. Alipokata simu alilia, na Chiriku akalia zaidi. Saa nne, wakati ndege ingekuwa angani, mama alikuwa amelala fofofo kwenye kochi, sare mwilini.

Yule mwenzake alikaguliwa, akaipata nafasi. Kwa miezi miwili nyumba ilipoa, na Chiriku akawa mkimya hata walimu wakauliza kama anaumwa. Ndipo nafasi nyingine ikatokea, na mama akaitwa.

Jioni ya siku aliyofaulu, alimkalisha Chiriku karibu naye.

"Kumpa mtu dawa bila yeye kujua ni kosa kubwa, mwanangu, usirudie tena. Lakini sikiliza. Leo nimebeba watu sabini, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekunywa nini. Wameniamini tu. Siku ile walikuwepo sabini wengine, na usalama wao ulikuwa mdomoni mwako. Hawatajua kamwe. Mimi najua."

Chiriku akaegemea bega la mama yake, akalia tena, safari hii bila hofu.