Mbuzi Watatu wa Ntheo

"Kula, Wesonga. Mbona unaiangalia hiyo mbavu hivyo?"

Mutheu aliniwekea nyama kwa sahani na mkono wake mwenyewe. Nikala. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nampenda, angenipa mawe ningetafuna.

Ilikuwa ile mvua ya El Niño, Kiamaiko yote, mtaa wetu wa machinjio, matope. Kwa karakana yetu kulikuwa na wageni, wanafunzi wa Denmark na wenzao wa chuo cha hapa Nairobi, Mutheu akiwa mmoja wao. Vyuo viwili vilikuwa vimeungana kufundisha biashara yenye inasaidia mtaa, na somo lenyewe ni sisi. Tunaokota pembe na mifupa yenye wachinjaji wanatupa, tunachonga vitana na vifungo, faida inapeleka watoto wa mtaa kliniki.

Mutheu akasimama, akaninyooshea mkono. Kizungu kilikuwa kinamteleza tu. Alisema huyu ni Wesonga, mmoja wa vijana wenye mradi umeokoa.

Wageni wakapiga makofi. Nikamvuta kando.

"Mmoja wa vijana?"

"Hapa ni darasani. Ulitaka niseme nini?"

"Sema kesho naleta ntheo kwenu."

"Hawa wazungu watajua ntheo ni nini?"

Hata wewe kama si Mkamba hujui. Ni mbuzi watatu, unawapeleka kwao msichana wakiwa hai. Wakipokelewa, huyo ni bibi yako, harusi ifanyike isifanyike. Mimi ni Mluhya, kwetu ni ng'ombe, lakini nilipenda Mkamba nikafuata ya Wakamba. Wangu walikuwa wamefungwa nyuma ya boma la Ardo, muuza mbuzi. Majike wawili na beberu mwenye pembe moja imejikunja kama sikio.

"Kesho basi," nikamwambia.

Aliniongezea nyama.

Asubuhi Mativo, mkubwa wa kikundi chetu, akaniwekea ndoo ya pembe.

"Kazi hiyo. Ni za jana."

Nikatoa ya kwanza. Imejikunja kama sikio.

"Mativo. Hii umetoa wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Maze, nimekuuliza."

"Lori la Ardo lilikwama na mvua, hakukuwa na mbuzi wengine wa kulisha wageni. Nikamuuliza Mutheu. Nikamwambia, dada, hawa si ni wa ntheo yako? Akasema chinja."

"Na wewe Mkamba mzima ukachinja?"

"Mwenye ntheo ndiye alisema. Nilijua mmeongea."

Nikaenda nyuma ya boma. Kamba tatu zimelala kwa matope. Nikazitupa begani, pembe nikaweka mfukoni, nikaenda mtaa wa Jericho kwa kina Mutheu.

Mamake, Mama Kamene, alikuwa amepika tangu asubuhi. Mjomba Mbaluka alikuwa ametoka Machakos na koti lake la kanisa.

"Karibu mwanangu," mama akasema. Akachungulia nyuma yangu. "Mbuzi wanakuja na nani?"

Mutheu alikuwa amekaa pale kwa kona. Nikamngoja aseme. Nikaweka pembe kwa meza.

Mjomba akaichukua, akaigeuza.

"Nani alimchinja huyu?"

"Ni mimi nilisema wachinjwe wote," Mutheu akajibu.

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na wageni wa chuo."

"Hao wageni hawali mboga ya sukuma?"

Mzee akanigeukia.

"Na wewe kijana, ulikula?"

"Nilikula."

"Nani alikupa?"

"Yeye."

Akarudisha pembe mezani polepole, kama kitu cha mtu mgonjwa.

"Basi ameshakujibu, kijana wangu. Na amekujibu vibaya."

Mama Kamene akajifunika uso na leso. Chakula kikabaki hivyo.

Mutheu alinifuata mpaka kwa geti.

"Nimepata nafasi kwa kile chuo cha Denmark," akasema. "Ntheo ingepokelewa, mjomba hangeniacha niende. Angesema mimi ni bibi ya mtu."

"Ungeniambia. Mimi mwenyewe ningemwambia akuache. Ningekungoja."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa ndio hiyo. Ungeningoja, Wesonga. Niko huko nasoma, na wewe umekaa Kiamaiko na mafupa unahesabu lini narudi. Sitaki kungojwa."

"Ungesema na mdomo."

"Nilijaribu. Nikikuona nashindwa."

"Ukaona heri unilishe."

Akalia. Sikumgusa. Baadaye akapangusa macho.

"Niachie hiyo pembe."

"Ya kuonyesha darasa?"

"Hapana. Yangu."

Nikampa.

Alipofika huko alipiga simu mara moja, kwa duka la Ardo. Nikaitwa mbio.

"Wesonga?"

"Ni mimi."

"Huku kuna baridi."

"Vaa sweta."

Tukasikilizana tukipumua mpaka simu ikakatika. Hakupiga tena.

Chuo cha huko ndicho kiliandika, kikaagiza vitana, eti darasa linataka kujifunza kuuza. Tukachonga. Siku ya kupaki, Mativo alizunguka karakana akitafuta kitu, halafu akasimama mbele ya msumari wenye nilikuwa nimetundika zile kamba.

"Hizi bado una kazi nazo?"

"Zi, sina."

"Si nichukue?"

"Chukua. Funga nazo gunia."