Simu Niliyoiamini

Jua lilikuwa linazama nilipofika kibandani kwa Kapya, fundi wa simu wa mtaa wa Ruashi. Simu yangu iliibwa. Nilinunua nyingine, namba nikairudisha, lakini picha za marehemu mama zilibaki ndani ya akaunti, na neno la siri peke yake halikuifungua.

"Mama Wivine, inaomba kode, zile namba sita za siri," Kapya alisema. "Imeituma kwa simu yenye unaamini. Iko moja tu. Plamedie ni nani?"

"Mudogo yangu. Tulitumia akaunti moja."

"Umuite, akusomee kode."

"Alikufa. Iko myaka ine."

Simu ya Plamedie ilipotea siku ya msiba wake. Majirani walinong'ona kwamba hakufa, eti mulozi alimuuza kwa uchawi akachimbe madini chini ya ardhi. Sikuwasikiliza. Baada ya mazishi nilirudi kwenye nyumba tupu, nikalia, basi.

Simu mpya ikaita. Bila namba.

Nikapokea. Nyundo... nyundo nyingi, zikigonga mawe. Harufu ya udongo mbichi ikajaa kibandani.

"Yaya," sauti ikanong'ona, vile Plamedie alivyoniita mimi dada yake mkubwa. "Nane. Mbili. Mbili. Sifuri. Tano. Tisa."

Nilizirudia kwa sauti, Kapya akaziandika. Akaunti ikafunguka. Picha ya mama ikatokea, anatabasamu.

"Plamedie? Uko wapi?"

"Yaya... usinitoe."

Kapya alinishika mkono. "Toa ile simu kwenye akaunti, Mama! Mwenye kuwa nayo ataingia kwako kila siku. Mudogo yako alishakufa. Huyu ni mwizi... ao ni kitu ingine."

Nilitazama jina la Plamedie kwenye orodha ya simu ninazoziamini. Kwa miaka minne hakuna aliyeniita yaya.

Lakini niliogopa. Nikabonyeza Ondoa.

Nyundo zikanyamaza. Zote. Mara moja.

Kisha mwanaume akacheka taratibu, karibu kabisa na sikio langu.

"Merci, Mama. Tulikuwa tunangoja umuachilie."

Simu ikakatika.

Kapya anasema ni wezi, siku hizi wanaigiza sauti ya mtu yeyote. Pengine. Ila wezi huomba kode. Hawa walinipa.

Nyumbani, kabla sijavua viatu, ujumbe wa akaunti ukaingia: *Ongeza namba ya mtu unayemwamini.*

Nikakaa kitandani, nikatafuta jina la kuandika. Nikatafuta sana.

Nafasi ile iko wazi mpaka leo.