Mzigo wa Mkatekumeni

Sugu iliota kwenye bega la kulia la Tekla. Mumewe, Raymundi, aliiona Jumapili moja asubuhi alipokuwa akimsugua mgongo nyuma ya nyumba yao mpya. Ilikuwa ngumu kama kisigino. Tekla hakuwa mtu wa kubeba begani. Kuni, maji, mahindi, vyote alibeba kichwani, kama wanawake wote wa Sikonge alikotoka.

"Umebeba nini wewe?" Raymundi aliuliza.

"Sijabeba kitu. Sugua, acha maswali. Misa inatupita."

Ilikuwa Oktoba 1974, mvua hazijaanza. Wao na majirani zao walikuwa wamehamishwa kwa malori katikati ya mwaka na kupangiwa viwanja kando ya njia ya zamani ya misafara, mashariki ya Itetemia, Tabora. Nyumba zilipangwa kwa mstari uliopimwa kwa kamba. Kiwanja cha Raymundi kiliangukia kwenye mwinuko mdogo, na alipochimba msingi alikuta mifupa ya mtu na medali ya Bikira Maria iliyogeuka kijani. Mwenyekiti wa kijiji alisema agizo ni nyumba zote ziezekwe kabla ya mvua. Mifupa ikasukumwa shimoni na ukuta ukapanda juu yake. Medali Raymundi aliipeleka kwa shemeji yake.

Shemeji yake alikuwa Padre Hilari, kaka wa Tekla, mwalimu katika seminari moja nje ya mji. Alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Roma. Tasnifu yake ilihusu wakatekumeni wa karne za kwanza, yaani watu waliojiandaa kubatizwa, ambao Kanisa la kale liliwangojesha kwa miaka kabla ya kuwapa maji. Aliandika kwamba wamisionari walioileta desturi hiyo Tabora na kuifanya miaka minne hawakuwa wakatili, walikuwa waaminifu kwa mapokeo. Kungoja, aliandika, ndiko kulikomfanya mtu awe Mkristo. Sura hiyo ilisifiwa sana Roma. Tabora hakuna aliyeisoma. Mapadre wenzake walimwambia kwamba taifa linahitaji visima, si Kigiriki, na wanafunzi wake walisinzia. Sasa chuo kimoja cha Roma kilitaka arudi kufundisha huko. Kilichobaki ni askofu kuandika kwamba anafaa.

Padre Hilari aliigeuza medali mara mbili. "Mkatekumeni huyu," alisema. "Aliyekwisha kubatizwa alivaa msalaba. Huyu hakufika."

"Na mifupa?"

"Mifupa ni mifupa, shemeji. Medali niachie, nitaitumia kwenye makala."

Baada ya sugu ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya mishumaa ya kanisani, imechanganyika na ya kamba iliyolowa jasho, na ilikaa chumbani hata milango ikiachwa wazi. Kisha Tekla akaanza kutoka. Saa nane mchana, jua likiwa kali na kijiji kizima kimejilaza, alikuwa akichuchumaa mlangoni, anaingiza mikono chini ya kitu ambacho hakipo, anakiinua, anakiweka begani, anaguna, anaelekea njia ya mjini. Hakwenda mbali. Palepale kwenye kona ya nyumba alianguka. Akizinduka hakukumbuka lolote, isipokuwa bega lilimuuma.

Raymundi alipanda baiskeli hadi seminari.

"Ni dada yako," alisema. "Anabeba kitu."

"Kitu gani?"

"Hakionekani."

Padre Hilari alivua miwani. "Raymundi, umekunywa?"

"Ningekuwa na hela ya pombe ningekuja kwa basi."

"Mpeleke hospitali."

"Nimempeleka. Wamempa klorokwini. Kaimeza, kaenda kubeba." Raymundi alisogea karibu na kushusha sauti, kwa sababu kulikuwa na watu ukumbini. "Padre, nyie mna sala zenu za kutoa pepo. Njoo umsomee."

"Sala hiyo haisomwi hivihivi. Lazima askofu atoe kibali kwa maandishi."

"Si askofu wako? Muombe."

Padre Hilari alitazama dirishani. Barua ya kwenda Roma ilikuwa ingali mezani kwa askofu, haijaandikwa. Akilini alimwona askofu akiinua kalamu kuandika habari za mwanazuoni, halafu akikumbuka kwamba mwanazuoni huyo ameomba ruhusa ya kupunga jini kijijini.

"Nitaangalia," alisema.

Hakuangalia. Mwezi uliisha. Raymundi alikwenda mjini kwa Bi Mwanamkuu, mwanamke wa Kiislamu aliyejulikana kwa kazi ya majini. Mwanamke huyo alikuja na ubani wake, akamsomea Tekla alasiri nzima, kisha akatoka nje akifuta jasho.

"Huyu si wa kwangu," alisema. "Nimemsomea, anasikiliza kwa adabu kabisa. Nikimaliza ananiambia, ahsante mama, lakini mimi ni mtu wa misheni. Kamlete huyo padre wenu. Mlete upesi, maana kila siku mzigo unazidi, na mwenye mbavu ni huyu binti."

Raymundi alirudi seminari, na safari hii hakueleza mengi. Alisema tu, "Njoo uone nyayo za dada yako."

Padre Hilari alikwenda kwa pikipiki ya seminari. Mvua zilikuwa zimechelewa, na udongo mbele ya nyumba ulikuwa umekauka kwa jua, mgumu kama sakafu. Raymundi, mtu mwenye mwili, alitembea juu yake bila kuacha alama. Nyayo za Tekla, aliyekuwa amekonda hata kanga ilimpwaya, zilikuwa zimezama hadi kwenye kifundo cha mguu. Zilitoka mlangoni hadi kwenye kona. Hapo palikuwa na shimo lenye umbo la mtu aliyelala kifudifudi.

"Ni saa nane," Bi Mwanamkuu alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini. "Usimwite jina."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usimwite, nimekwambia."

Tekla alitoka. Padre akamtazama dada yake akichuchumaa na kuingiza mikono chini ya hewa, akaona mishipa ya shingo ikimsimama, akasikia kamba ikilia kama inavyolia kamba iliyokazwa kwenye sanduku, kamba ambayo hakuiona popote, na harufu ya nta ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na yule mwanamke mwembamba akanyanyuka na kuanza kutembea, ardhi ikididimia chini yake hatua kwa hatua kwa mlio mkavu, hadi alipofika kwenye kona na kuanguka ndani ya shimo lake mwenyewe, na Padre akakimbia, akamshika kwapani kumwinua, Raymundi akamshika miguu, na wanaume wawili wazima wakashindwa kumsogeza hata kidogo, kwa sababu kulikuwa na kitu juu yake na kitu hicho kilikuwa kikishuka.

"Padre," kinywa cha Tekla kilisema. Sauti ilikuwa ya mwanamume, imechoka. "Nimefika?"

"Nani wewe?"

"Masolwa. Mpagazi wa misheni. Mishumaa na divai ya misa. Nilikuwa mwaka wa nne, nabatizwa Pasaka. Homa ikanishika hapa. Nikamwomba padre maji ya ubatizo. Akasema utafika, Masolwa, kanisa lile pale, mambo matakatifu hayafanywi njiani. Maji alikuwa nayo kwenye kibuyu. Akanywa, wakaendelea."

"Hakuna padre anayemnyima maji mtu anayekufa," Padre Hilari alisema. "Ni kinyume cha sheria."

"Alidhani sitakufa. Wewe uliandika kwamba alifanya vizuri."

Raymundi alimgeukia shemeji yake. Padre hakumtazama.

Mzigo ulipotoka walimbeba Tekla hadi ndani na kumlaza mkekani. Alikohoa na mate yalikuwa na damu. Padre alitoka, akasimama kivulini mbele ya Bi Mwanamkuu.

"Umesikia anachotaka," Bi Mwanamkuu alisema. "Sisi wa huku majini wetu wanataka mbuzi, wanataka marashi, wengine wanataka ngoma siku saba. Huyu anataka maji ya kikombe kimoja. Mpe."

"Wafu hawabatizwi, mama. Jambo hilo lilikatazwa na maaskofu waliokutana Kartago."

"Kartago ndiyo wapi?"

"Afrika ya Kaskazini. Karne ya nne."

"Na dada yako yuko wapi?"

Padre aligeuka kutazama mlango wa nyumba.

"Mimi dini yenu siijui," Bi Mwanamkuu aliendelea kwa sauti ya chini. "Kazi ya majini ninaijua. Ukimpa, mpe kitu kizima. Jini hapewi kwa hila. Kama umemwambia utamchinjia kuku, mchinjie kuku, usimpe manyoya."

Tekla aliita kutoka ndani. Sauti ilikuwa yake, ndogo.

"Kaka."

Padre alipiga magoti kando ya mkeka.

"Kesho sitaamka," Tekla alisema. "Leo nimesikia kitu kimevunjika. Kaka, unamwogopa nani? Mungu, au askofu?"

"Tekla, wewe huelewi. Mwanazuoni akifanya hivi..."

"Sielewi, ndiyo. Ulipokwenda kusoma, mimi nililima tumbaku ili upate nauli. Nielewe nini?"

Padre Hilari alibaki kijijini usiku ule lakini hakulala. Wala hakusali. Alikuwa akitafuta njia, na kabla ya mchana aliipata. Katika mapokeo ya Kanisa, padre asiye na hakika kama mtu anaweza kubatizwa hubatiza kwa sharti. Anaanza na neno kama. Sharti likiwa si kweli, hakuna kilichofanyika. Akiulizwa na askofu, au na Roma, angeweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba hakumbatiza maiti yeyote. Angeweza hata kuiweka kwenye tanbihi.

Saa nane Tekla alitoka tena. Walijaribu kumfunga kwa kamba kitandani, kitanda kikavutwa hadi mlangoni na kamba zikakatika. Alibeba, akaguna, akaenda, akaanguka, na safari hii hakulia, alitoa pumzi tu, pumzi ndefu isiyokwisha kama ya ngozi ya mvukuto inayokandamizwa na mtu asiye na haraka, na Raymundi alikuwa akipiga kelele, "Padre, maji! Padre!" na Padre Hilari alikuwa ameshika kikombe, nusu ya maji imemwagikia kanzu alipokuwa akikimbia, lakini ulimi wake haukukosea, ulisema kila neno kama alivyolipanga.

"Masolwa. Kama unaweza kubatizwa, mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji yalimwangukia Tekla kwenye paji la uso. Mbavu zake zilipanda. Alivuta hewa, akageuka chali, akalia kwa sauti yake mwenyewe, na Raymundi alipomwinua alikuwa mwepesi kama alivyokuwa zamani. Harufu ya nta ilikatika.

Bi Mwanamkuu hakusogea kwenye kigoda. Alikuwa akimtazama Padre.

"Umesema kama," alisema.

"Ndiyo desturi yetu, mama."

"Na yeye kakusikia."

Ndipo Padre Hilari aliposikia pumzi sikioni, na sauti iliyochoka, haikuwa na hasira hata kidogo. Ilisema, "Haya. Tutangoja wote."

Tekla alipona. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika na bega la kulia halikurudi sawa. Alipoambiwa na mumewe jinsi alivyobatizwa yule mtu, alimtumia kaka yake salamu fupi kwamba asije kumtazama kwa sasa.

Askofu aliandika barua, na Roma ikajibu kwamba mahali pake papo. Jumapili iliyofuata Padre Hilari alialikwa kuongoza misa katika parokia moja mjini, askofu akiwa amekaa pembeni ya altare, ili waumini wamuage. Alihubiri vizuri. Alipomaliza alitaka kugeuka aanze Nasadiki, lakini miguu ikashuka ngazi za altare. Aliishika meza, vidole vikaachia kimoja kimoja. Miguu ilimpitisha katikati ya watu waliokuwa wamekwisha kusimama, mavazi yote ya misa mwilini, hadi nje, ikamweka juani hatua chache kutoka mlangoni, ikasimama. Alijaribu kurudi, akashindwa. Ndani, askofu ilimbidi aimalizie misa mwenyewe.

Walisema ni kazi nyingi. Walimpumzisha, wakamjaribu tena siku ya kawaida kwenye kanisa dogo la seminari, na mahubiri yalipoisha alitoka vilevile. Ilipotokea mara ya nne, askofu aliandika barua nyingine kwenda Roma, fupi kuliko ya kwanza.

Siku moja alikuwa amesimama hapo nje ya kanisa, wimbo wa sadaka ukisikika ndani, bibi mmoja aitwaye Apolinaria akatoka akikokota mguu. Alikuwa mmoja wa Wakristo wazee wa misheni. Alimtazama Padre, akatazama mahali aliposimama, akatabasamu bila meno.

"Padre, umenikumbusha mbali," alisema. "Enzi zetu tulitolewa hivihivi. Mahubiri yakiisha katekista anatangaza, wasiobatizwa watoke. Tulikuwa tunasimama hapohapo ulipo."

"Mlisimama mpaka lini, bibi?"

"Mpaka miaka minne iishe, au mtu afe." Alijitwisha kikapu chake, akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Na huyo mwenzio aliyesimama nyuma yako, naye ni wa mwaka wa ngapi?"