Kiti cha Nyuma cha Gari Jeusi

Kila asubuhi Maan alipofungua gereji yake pale Darsait, Maskati, alikuta kiti cha nyuma cha lile gari kimebonyea. Ngozi mpya, haijakaliwa na mtu, na katikati yake alama ya mtu aliyeketi, ina uvuguvugu. Akiipapasa, inanyooka. Kesho yake ipo tena.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la mwaka 1970, milango miwili, boneti ndefu. Maan alilikuta limetelekezwa katika bonde la mawe nyuma ya Qantab, limeliwa na kutu, akalivuta kwa lori. Miaka mitatu alilihangaikia. Alilitia injini mpya yenye nguvu maradufu, breki za kisasa, vioo vya umeme, rangi nyeusi inayong'aa. Sasa alikuwa amelitangaza linauzwa, na kila aliyekuja kulitazama aliondoka akiziba pua.

"Linanuka nywele zilizoungua," mkewe Balqis alimwambia. "Maan, ulifanya nini kule bondeni?"

"Nilifanya kazi! Kazi ya mikono yangu! Nawe unaniletea mambo ya majini."

"Nna haki ya kuuliza. Kile kiti cha zamani ulikipeleka wapi?"

Maan aliubamiza mlango wa gereji hata spana zikaanguka ukutani.

Alhamisi, baada ya alasiri, alikuja mnunuzi, mtu wa Matrah aitwaye Musallam, pamoja na binti yake wa miaka saba, Shahad. Maan alikuwa amepulizia uturi ndani ya gari. Musallam aliinamia injini, akatabasamu. Shahad akajipenyeza kiti cha nyuma.

Muda si muda akachungulia dirishani. "Ami," alimwita Maan kwa sauti ndogo, "huyu mama aliyekaa hapa ni nani?"

"Hapana mtu hapo, binti yangu."

"Yupo. Anauliza mwanawe umemweka wapi."

Maan aliuendea mlango wa gari. Kabla hajanyoosha mkono, vioo vilipanda vyenyewe na milango ikajifunga. Musallam alivuta kitasa mpaka kikamkatikia mkononi, Maan akachukua nyundo akapiga kioo mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na nyundo ikawa inarudi kama imepiga mpira, na humo ndani mtoto alikuwa akikohoa, jasho linamtiririka, na ile harufu ya nywele ikaanza kutoka kwenye kila upenyo, nzito, ya moto, na pembeni ya mtoto ngozi ya kiti ikazidi kubonyea, taratibu, kama mtu anayejisogeza karibu yake.

Musallam alimkaba Maan kwa ukosi wa kanzu. "Una nini humu? Una nini humu, mbwa wewe!"

"Toka!" Maan alilipigia kelele gari. "Toka kwenye gari langu!"

Injini ikanguruma, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Balqis alishuka mbio kutoka nyumbani kwao ghorofani, kanga begani. Alipomwona mtoto, alimgeukia mumewe, akamtandika kofi la kwanza tangu waoane. "Sema! Sema ulichofanya, mtoto wa watu anakufa!"

Maan alipiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta. "Kiti nilikichoma moto," alisema. "Kulikuwa na kitu ndani yake. Kililia. Kililia kama kitoto kichanga. Nikajiambia ni paka. Nikaongeza petroli."

Injini ikanyamaza. Shahad alifumbua macho, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Nilikuita. Nilikuita kwa jina lako, ukageuka ukanitazama, kisha ukaongeza."

"Nisamehe. Gari nitalirudisha leo hii, wallahi. Nisamehe."

"Nyumba yangu irudishe," sauti ilisema. "Msamaha sina."

Mlango ukafunguka. Musallam alimnyakua binti yake, ncha za nywele zake zimeungua, akatoka mbio bila kuangalia nyuma.

Maan aliliendesha gari hadi Qantab peke yake, vioo vyote viko chini, na njia nzima alihisi pumzi ya moto kisogoni. Balqis alimfuata kwa gari lake dogo. Bondeni, jua likizama, Maan aliliegesha palepale alipolitoa, akafungua boneti, akang'oa betri ili mtu mwingine asije akaliwasha.

"Ulisikia kinalia," Balqis alimwambia, meno yameumana. "Ukasikia, Maan. Mimi leo nalala kwa mama."

"Balqis..."

"Usinitaje."

Wakaanza kuondoka kwa miguu kuliendea gari la Balqis, mke mbele, mume nyuma na betri mikononi. Hawajafika mbali, injini ikawaka nyuma yao. Maan alisimama, asithubutu kugeuka. Alisikia gia ikiingia, kisha mawe yakisagika chini ya magurudumu, yakija.