Mama Mkwe Alivyopaka Mavi ya Ng'ombe Kwenye Ukuta Wangu Mweupe

Mavi ya ng'ombe!

Kwenye ukuta wangu! Ule mweupe!

Wadau, ngojeni nivute pumzi kwanza, maana hata sasa nikisimulia damu inachemka...

Nimetoka mnadani hapa Karatu, nimebeba taa ya shaba, jasho linanitoka, nafika getini nakuta kochi langu liko nje. Kioo kimeegemezwa kwenye mparachichi. Mito imerundikwa juu ya turubai.

Nikajua tumevamiwa na wezi. Nikakimbilia ndani.

Sio wezi. Ni mama mkwe wangu!

Yeyo mwenyewe, ndivyo Wamasai wanavyomwita mama, kutoka Piyaya, shuka begani, shanga shingoni, mkono umezama kwenye ndoo mpaka kwenye kiwiko. Pembeni yake wifi yangu Naisenya. Na jirani yangu Felista, yule Mwiraqw wa nyumba ya chini, mwenye ng'ombe, niliyemwachia ufunguo!

Wote wanapaka.

"Yeyo! Mnafanya nini?!"

Akageuka taratibu, akaniangalia.

"Takwenya."

Jamani... kanisalimia!

"Iko," nikaitikia kwa meno yaliyobana. Huwezi kumnyima mkwe wako wa Kimasai salamu, hata kama anakubomolea nyumba.

Akarudi kupaka.

Sasa ili mnielewe hasira yangu, lazima mjue ule ukuta ni nani kwangu.

Naitwa Ndeshi, Mchaga wa Marangu. Nimeolewa na Lembris, Mmasai wa Piyaya, dereva wa watalii, kila siku yuko njia ya kreta. Nyumba aliijenga yeye kabla hatujafunga ndoa. Kuta tupu, sakafu tupu, kiti cha plastiki na televisheni. Nikasema sawa, nimeipata kazi.

Mimi napenda kuchanganya. Mtandaoni wana jina lake la kizungu, ila mimi naita kuchanganya kwa akili. Kochi la kijani la velveti nililorithi kwa bibi yangu. Mito nimeishonea shuka nyekundu. Mapazia ya kitenge. Kioo cha fremu ya dhahabu kutoka hoteli iliyofungwa. Picha ya Tingatinga, kigoda cha Kiiraqw, ngozi ya ng'ombe chini. Vitu ambavyo havijuani kabisa, unavikalisha pamoja mpaka vinaanza kuongea.

Lakini kuna siri. Ukichanganya vitu vingi hivyo, lazima uache sehemu moja tupu, macho yakapumzike. La sivyo sebule inageuka stoo.

Sehemu yangu tupu ilikuwa ule ukuta nyuma ya kochi.

Na Lembris? Alinicheka miaka na miaka!

"Ndeshi, hapa ni kwetu au ni duka la mitumba?"

"Mume wangu, huu ni mtindo."

"Mtindo wa kukosa fedha za seti moja ya makochi."

Mbele ya rafiki zake, wadau. Mbele ya ndugu zangu. Nikameza.

Mpaka siku gari lake lilipoharibika karibu na nyumbani, akaja na wageni wasubiri kwa kahawa. Wale wazungu walipiga picha sebule, wakapiga jikoni, wakapiga mpaka choo! Mmoja akauliza kama anaweza kulala.

Tangu siku ile mume wangu akabadilika.

"Haya mapazia yametulia sana, mama."

Lembris? Mapazia?

"Hicho kioo usikisogeze. Kiko poa hapo hapo."

Nami mjinga nikafurahi. Nikasema hatimaye mwanaume kafumbua macho.

Halafu akaanza wimbo mwingine.

"Yeyo kazeeka. Ungeenda ukakae naye Piyaya kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Tutaona."

Hapo nikajua. Kuna mchepuko! Kuna mtu anataka kuja kukalia kochi la bibi yangu. Nikaacha kulala. Nikaanza kunusa mashati. Nikakagua simu, sikuona kitu, nikazidi kuchanganyikiwa.

Ndiyo sababu siku ile, kuona vitu vyangu nje, roho ilipasuka.

"Naisenya, nani kawatuma mtoe vitu vyangu?"

Wifi akanawa mikono kwenye beseni bila kuniangalia usoni.

"Wifi... kaka katuambia tukuandalie nafasi kwa Yeyo. Kasema unahamia kwetu moja kwa moja."

"Moja kwa moja?!"

"Hukuambiwa?"

Nikakaa kwenye sakafu, taa ya shaba mapajani.

"Kwa hiyo mmekuja kunitoa! Na ukuta mnanichafulia ili nisitamani kurudi!"

Naisenya akamtafsiria mama yake. Yeyo akajibu kwa Kimaa, maneno mengi, huku anapaka, wala hana haraka.

"Anasema nini?"

"Anasema uje uweke mkono kwenye ndoo."

"Siweki!"

"Wifi..."

"Siweki mkono kwenye mavi! Mnanifukuza halafu niwasaidie kazi?!"

Felista akaguna. "Ndeshi dada, mimi ningeweka."

"Wewe nyamaza! Msaliti mkubwa! Ng'ombe wako hao!"

Nikampigia Lembris.

"Njoo umwone mama yako!"

"Yeyo? Yeyo si yuko Piyaya?"

"Yuko sebuleni anapaka mavi ya ng'ombe ukutani!"

"Ukuta upi?"

Wadau, someni tena hapo. Mke analia kwenye simu, yeye anauliza ukuta upi!

"Ule mweupe."

"Mungu wangu! Ndeshi, osha haraka! Nakuja na mgeni!"

Akakata.

Sikuosha. Nilikaa pale pale sakafuni mpaka gari liliposimama nje. Akaingia Lembris, na nyuma yake kijana wa Arusha, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Edgar, wakala wa kutafutia watalii malazi.

Edgar akaziba pua.

"Bro, mbona kwenye picha hapakuwa hivi?" Halafu akanielekea mimi na tabasamu. "Wewe ndiye shemeji anayehama? Hongera, umepanga vizuri sana. Wageni wetu wanataka nyumba nzima, hawataki kuchangia na wenyeji."

Nikamgeukia mume wangu.

"Lembris. Mimi ndiye mwenyeji?"

"Nilitaka kukuambia taratibu..."

"Hakuna mchepuko?"

"Mchepuko gani? Ndeshi, hii ni biashara! Umeifanya nyumba iwe nzuri mno kwa sisi kuishi. Piyaya si nyumbani pia? Mimi ningekuwa nakuja..."

Afadhali ingekuwa mchepuko! Mchepuko ningejua pa kuushika. Huyu alinicheka miaka yote nikiokota vitu vyangu, halafu vilipopendeza akavichukua vyote, akaniondoa mimi peke yangu kama kiti kilichozidi.

Aliyeongea ni Yeyo. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, ili mgeni naye asikie.

"Lembris. Hii nyumba ya nani?"

"Yangu, Yeyo. Nimejenga mimi. Fundi nimemlipa mimi."

"Baba yako ilikuwa na ng'ombe?"

"Wengi."

"Ilikuwa na nyumba?"

Lembris akatazama viatu vyake.

"Jibu, mimi nasikia."

"Hapana, Yeyo."

"Hapana! Mwanaume najenga uzio. Nyumba najenga mwanamke. Baba yako mpaka nakufa ilikuwa nalala kwangu. Mimi nikikasirika, yeye nalala kwa mke mwingine, na hapo pia nabisha hodi!"

Akaendelea kwa Kimaa, na Naisenya akatafsiri, sasa ananiangalia usoni.

"Wifi, kaka alipotuma ujumbe tukuandalie nafasi, Yeyo aliuliza swali moja tu: kwani Ndeshi hana enkaji yake? Hana nyumba? Nikamwambia ipo, ila kuta alijenga fundi. Akasema, basi ndiyo maana huyu kijana anafikiri ni yake. Kesho yake alfajiri tukapanda basi. Kwetu, nyumba ambayo mwanamke ameisiriba kwa mkono wake, mbele ya wanawake wenzake, hakuna mwanaume wa ukoo anayemtoa. Akimtoa, mama yake anamlaani."

"Na vitu vyangu nje?"

"Tungevichafua! Yeyo hakutaka hata tone lidondokee kochi la bibi yako."

Uuuwi... Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke kasafiri tangu alfajiri kwenye vumbi kuja kunipigania, nami namwita mharibifu!

Yeyo akaisogeza ndoo kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Weka."

"Ndeshi, usi..." Lembris akaanza.

Nikazamisha mikono yote miwili. Ilikuwa na joto, na majivu ndani, laini ajabu. Nikasimama, nikabandika viganja vyangu katikati ya ule ukuta, nikavuta mpaka chini. Naisenya akapiga kigelegele. Felista akasema kwa sauti, "Na mimi ni shahidi, kijiji kizima kitajua!" Na mnamjua Felista, kweli kilijua.

Edgar sijui aliondoka saa ngapi. Nilisikia tu mlango.

"Yeyo, sasa mimi nalala wapi?" Lembris akauliza, mtu mzima na ndevu zake.

"Bisha hodi kwa mke wako."

Akabisha. Nilimwacha nje mpaka chai ikapoa, ndipo nikamfungulia.

Ila msije mkadhani niliishia kwenye mavi ya ng'ombe. Mila ya Yeyo inamfunga mwanawe, haimfungi mnunuzi wa mjini. Nikamwambia Lembris nataka jina langu kwenye hati ya kiwanja. Akaanza oh, foleni, oh, nina safari. Yeyo, ambaye hajui kusoma hata herufi, akasema hapandi basi la Piyaya mpaka aione. Mume wangu akapata nafasi haraka sana!

Na ule ukuta? Ulipokauka ukawa wa kijivu chenye kahawia, umeacha mistari ya vidole vyetu. Inaniudhi kukiri, lakini kochi la kijani limekaa pale vizuri kuliko lilivyowahi kukaa.

Dada zangu, mimi nilidhani adui yangu ni mama mkwe, nikamlindia mlango wa mbele. Kumbe mwenye kunitoa alikuwa ndani, anakunywa chai yangu na kuniambia pambo hili lisogee kushoto.

Pambeni nyumba, ndiyo. Lakini mjue kwanza mnampambia nani. Na mwanaume aliyekucheka miaka yote, siku akianza kusifia mapazia, usitabasamu... muulize nani anakuja kulala!