Jina la Mwisho kwenye Kanzidata ya Geti

Jumamosi hiyo ya mwaka 2013 ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote ya Tunduma: vumbi, honi, malori yamepanga foleni kuelekea mpakani. Ferista, fundi wa kompyuta na jirani yetu pale Vwawa, alifika kwenye yadi ya malori saa tatu asubuhi. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ndogo. Kanzidata kuukuu ya geti ilikuwa inakula nafasi kwenye seva tatu ambazo yadi hiyo ilizitumia pamoja na kampuni nyingine mbili. Ilitakiwa iondoke.

"Taratibu, mwanangu," Mzee Abdulswamad, mwenye yadi, alimwambia akimkabidhi ufunguo. "Ukikosea, na wenzetu watazimika. Hiyo ya geti haina mtu. Tuliiacha tangu Barnaba apotee."

Barnaba alikuwa karani wa geti. Aliandika humo kila aliyeingia na kila aliyetoka. Machi 2009 aliingia kazini asubuhi, na hakuna aliyemwona akitoka. Polisi walipekua kila lori. Mkewe, Tabita, alikaa getini siku tisa. Hakikupatikana hata kiatu.

Chumba cha seva kilikuwa kontena lisilo na dirisha. Ferista aliuacha mlango wazi, akakaa. Akachukua nakala ya kanzidata yote kwenye diski ya pembeni; hiyo peke yake ilimlia zaidi ya saa nzima. Akahakikisha kwamba mifumo ya wale wengine haiitegemei. Kisha akaangalia kama kuna yeyote ambaye bado ameunganishwa nayo.

Mmoja.

Jina: barnaba. Mahali: kompyuta ya geti. Kompyuta hiyo ilishauzwa kama chuma chakavu.

Akamkata. Jina likarudi. Akamkata tena. Likarudi kabla Ferista hajainua kidole.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Polepole, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Aliusukuma. Haukutikisika. Akapiga ngumi, akamwita Idrisa, mlinzi. Simu ilikuwa imenasa mtandao wa Zambia, na haikupiga popote. Akatega sikio kwenye bati. Honi zilikuwa zimenyamaza. Zote.

Aliporudi kwenye kioo cha kompyuta, mstari mpya ulikuwa unaandikwa, herufi moja moja.

FERISTA. AMEINGIA 3:12. AMETOKA:

Akaijaza mwenyewe nafasi ile. Ikafutika. Chini yake yakatokea maneno ambayo programu ile haikuwa nayo.

Wa kwanza bado.

Hewa ikawa nzito. Akasikia harufu ya jasho. Si lake. Akapandisha orodha juu. Wote walikuwa wametoka: madereva, matingo wao, wote. Isipokuwa jina lililo juu ya lake. BARNABA. AMEINGIA 1:05. Mbele yake, patupu.

Pumzi ikamgusa nyuma ya sikio.

"Niandikie, dada."

Hakugeuka. Akaandika: AMETOKA.

Kitu cha baridi kikampita ubavuni. Mlango ukafunguka, mwanga na honi vikaingia kwa pamoja. Kwenye kioo, aliyeunganishwa: hakuna.

Mwingine angekimbia palepale. Ferista aliogopa kwamba kile kitu kitarudi. Akauzuia mlango kwa kiti, akaizima kanzidata, akaiondoa kwenye seva moja baada ya nyingine, akaifuta kabisa. Mifumo ya wenzao haikuyumba. Ndipo akatoka mbio.

"Mbona haraka hivyo, dada?" Idrisa alishangaa. "Umeingia sasa hivi tu. Hata dakika tano hazijafika."

Jumatatu iliyofuata, diski ile ya nakala ilifunguliwa. Haikuwa na hata mstari mmoja.

Lakini Ferista alishajua kwamba hayajaisha tangu Jumamosi jioni, alipokuwa anaoga. Ndani ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na mhuri wa mviringo, wino wa zambarau. Tarehe ya siku ile, na neno moja: AMEINGIA.

Akashika kioo, akajitazama mwili mzima akiutafuta mhuri wa pili, wa AMETOKA. Haukuwepo.

Amesugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Mwaka umepita. Mimi mwenyewe ameniruhusu niuguse.

Wino bado mbichi. Ulibaki kidoleni kwangu.